Oili kidogo, usafi mwingi: Namna ya kuifufua injini ya Volkswagen

Hakuna jambo linalowagawa mafundi wa Volkswagen za zamani kama swali la oili siku injini inapounganishwa. Kundi la kwanza huichovya pistoni nzima kwenye oili na kuipaka silinda mpaka inachuruzika, kwa hoja kwamba chuma kisisuguane na chuma hata kwa dakika moja. Kundi la pili huunganisha karibu kukavu. Hoja yao ni kwamba ringi mpya zikikuta oili nyingi hazitaishika silinda, na gari litafuka moshi wa bluu mpaka siku linapopelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kila upande una mashahidi wake, kwa sababu kila upande umewahi kuunganisha injini zilizodumu. Ukifuatilia namna injini hii inavyofanya kazi, utaona kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Utaona pia kwamba ubishi wenyewe umefunika jambo zito zaidi, nalo ni uchafu unaobaki ndani ya silinda kabla hata tone la kwanza la oili halijamiminwa.

Gari lisilo na rejeta

Kwa Afrika Mashariki, Volkswagen Beetle si gari la makumbusho tu. Mbio za Coronation Safari zilipoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, gari hilo dogo lilikuwa miongoni mwa yaliyothubutu. Mwaka uliofuata Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiwa ndani ya Volkswagen. Mwaka 1957 wakashinda Gus Hofmann na Arthur Burton kwa gari la aina hiyo hiyo, na mwaka 1962 ikawa zamu ya Tommy Fjastad na Bernhard Schmider.

Ushindi huo ulikuwa na sababu za kiufundi. Gari halina rejeta ya kutoboka, halina pampu ya maji wala mpira wa kupasuka katikati ya vumbi. Injini ikiwa nyuma, uzito unakandamiza matairi yanayosukuma, na tope halilishiki kirahisi. Mapadri, walimu, mabwana shamba na wafanyabiashara waliyanunua magari hayo, na Kombi zikabeba abiria na mizigo kwa injini za ukoo ule ule.

Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani. Kwa wingi huo, pistoni, ringi na silinda mpya bado zinatengenezwa na kuuzwa. Ndiyo maana mtu mwenye Beetle ya babu yake chini ya mwembe anaweza kuamua mwaka huu kuirudisha barabarani. Swali ni kama injini hiyo itadumu miaka kumi au itarudi gereji kabla ya sikukuu.

Lita mbili na nusu, kazi mbili

Injini ya Beetle ina silinda nne zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto. Kila silinda ni pipa la chuma cha kalibu linalojitegemea, lenye mapezi ya kupitisha upepo. Pistoni ni ya alumini. Injini ya sentimita za ujazo 1,200 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 77, na ile ya 1,600 ina milimita 85.5. Feni inazungushwa na mkanda, nayo inasukuma hewa ndani ya mabati yaliyoifunika injini ili ipite katikati ya mapezi.

Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo pistoni haitengenezwi kuwa duara kamili. Hupewa umbo la yai kidogo, na kichwa chake huwa chembamba kuliko sehemu ya chini, ili ikipata moto ienee vizuri. Injini ikiwa baridi, nafasi inayotakiwa kati ya pistoni mpya na silinda yake ni milimita 0.04 hadi 0.06. Ikifika milimita 0.2, seti imekwisha na inabadilishwa.

Ndani ya nafasi hiyo finyu ndimo oili inamofanyia kazi. Hakuna bomba linaloipeleka kwenye kuta za silinda kwa presha. Pampu hupeleka oili kwenye beringi za krenki na za konrodi; inayovuja pembeni mwa beringi hizo hurushwa na mzunguko wa krenki, ikatapakaa kwenye silinda na chini ya pistoni. Ringi ya chini hukwangua inayozidi na kuirudisha, na ringi mbili za juu hufungia mgandamizo.

Injini yote hubeba lita 2.5 tu za oili. Kiasi hicho kidogo kinalainisha na wakati huo huo kinabeba sehemu ya joto kwenda kwenye kipoza oili kilichosimama katika njia ya upepo wa feni. Tena injini hiyo, ilivyotoka kiwandani, haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya peke yake, ambalo huzuia vipande vikubwa na kuacha vumbi laini lipite. Uchafu wowote uliosahauliwa siku ya kuunganisha utazunguka kwenye beringi, kwenye ringi na kwenye silinda mpaka oili itakapomwagwa.

Ringi inavyoikamata silinda

Ukiitazama kwa karibu silinda mpya, au iliyopitishiwa mawe ya kuhoni, utaona michirizi inayokatana mshazari mithili ya ukili wa mkeka. Kila mchirizi una vilele vidogo na mabonde. Ringi mpya nayo ina ukwaru wake. Katika mwendo wa mwanzo vilele vya pande zote mbili husagana, ringi ikapata umbo la silinda ile ile itakayoishi nayo. Mabonde hubaki kuhifadhi oili. Baada ya hapo ringi huteleza juu ya utando mwembamba na hailiki sana tena.

Kinachoisukuma ringi kwenye ukuta wa silinda si uspringi wake pekee. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapowaka, gesi hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma nje kwa nguvu nyingi kuliko uspringi huo. Injini ikiwa imeachwa inanguruma taratibu pale gereji bila mzigo, gesi hiyo ni hafifu. Ringi inaelea juu ya oili, vilele havisagwi, na oili iliyobaki ukutani inaungua polepole na kugeuka ngozi ngumu inayong'aa kama vanishi. Ngozi hiyo ikishaziba mabonde, oili itapanda kwenye chumba cha moto kila siku. Dawa pekee ni kuifungua injini tena na kuihoni upya.

Hapa ndipo kundi la pili lina haki. Oili nyingi, na hasa nyongeza za kulainisha zenye grafaiti au molibdenamu, zikipakwa kwenye silinda huchelewesha ringi kukaa. Lakini kundi la kwanza nalo lina haki yake. Injini iliyounganishwa kukavu kabisa huzunguka mara nyingi kabla oili ya kurushwa na krenki haijafika ukutani, na sketi ya pistoni ya alumini ikisuguana na chuma kikavu huacha mikwaruzo ya wima ambayo haifutiki. Hatari ni kubwa zaidi pale injini inapokaa miezi kabla ya kuwashwa. Kwenye hewa yenye chumvi ya Tanga au Mombasa, silinda ya chuma isiyo na utando wa oili huanza kushika kutu haraka.

Jibu liko katikati, na mpaka wake unaelezeka: utando, si dimbwi.

Kitambaa cheupe

Kabla ya kufika kwenye utando huo kuna kazi ambayo mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani na mteja hailipii. Silinda mpya hutoka kwenye boksi ikiwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Grisi hiyo si ya kulainishia. Inabeba vumbi na inatakiwa itoke yote. Silinda iliyohoniwa, kwa upande wake, imejaa unga wa mawe na wa chuma uliojificha ndani ya michirizi.

Mazoea ya gereji ni kuiosha kwa petroli au dizeli na kuipuliza kwa upepo. Mafuta hayo huyeyusha grisi vizuri, lakini hayaung'oi unga wa mawe. Huusogeza tu na kuuacha ndani ya michirizi. Kinachouondoa ni maji ya moto, sabuni nyingi na brashi ngumu. Silinda inasuguliwa mpaka povu linabaki jeupe, inasuuzwa, inakaushwa papo hapo kwa upepo, kisha inapakwa oili nyepesi kabla kutu haijaanza.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kitie oili safi kidogo, ufute ndani ya silinda. Kikitoka na rangi ya kijivu, silinda bado ni chafu hata kama inang'aa machoni. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mteja anayetaka kumjua fundi wake na akiombe kitambaa hicho.

Unga wa mawe ya kuhoni umetengenezwa ili ule chuma. Ukiachwa, unakula ringi, unakula silinda, halafu unadondoka na oili na kwenda kula beringi. Injini ikifa baada ya kilomita elfu chache, lawama huenda kwa oili, kwa spea feki au kwa dereva, wakati mwuaji aliingia nayo siku ya kwanza.

Namba tatu

Tazama sasa mikono ya fundi anapofunga silinda namba tatu, ile ya kushoto upande wa mbele wa gari. Pistoni tayari zimepimwa kwenye mzani, na tofauti ya uzito kati yao haizidi gramu 10. Ringi nazo zimepimwa: kila moja imeingizwa peke yake ndani ya silinda, na mwanya wake kupimwa kwa filagoji. Ringi ya juu hutakiwa kuwa na mwanya wa milimita 0.30 hadi 0.45. Ukiwa mdogo kuliko hapo, ringi ikipata moto ncha zake zinagusana, inavimba na kukwaruza, na hakuna oili itakayoiokoa.

Mshale ulio juu ya pistoni unaelekea kwenye flaiwili. Pistoni imepashwa moto kidogo ili pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba badala ya nyundo. Pini na tundu lake vimepakwa oili ya kutosha, maana hapo hakuna ringi inayotakiwa kukaa. Vibanio vya pini viko mahali pake.

Kisha anachukua kopo la oili ya kawaida, SAE 30 isiyo ya sinthetiki. Anadondosha matone machache kwenye mifereji ya ringi na kuzungusha kila ringi kwa vidole mpaka inateleza yenyewe. Anaipanga mianya isifuatane: mwanya wa ringi ya oili unatazama juu, kwa kuwa silinda imelala na oili hutuama upande wa chini, na miwili iliyobaki inatawanywa kwa theluthi ya duara. Kidole kimoja chenye oili kinapita kwenye sketi ya pistoni. Ndani ya silinda anapitisha kile kitambaa cheupe, kikiwa na oili, kwa mzunguko mmoja. Ukigusa ukuta, kidole kinatoka kina ung'aavu, lakini hakuna kinachotiririka.

Ringi zinabanwa kwa kibanio cha nusu mbili, kwa sababu katika injini hii ni silinda inayovishwa juu ya pistoni, na kibanio lazima kifunguke kando baada ya kazi. Silinda inasukumwa kwa viganja. Ikigoma, fundi anarudi nyuma na kutazama. Nyundo ya mbao hapo ndiyo huvunja ringi. Anapomaliza anafuta kichwa cha pistoni kiwe kikavu, maana oili iliyoachwa huko itaungua na kuchafua plagi.

Namba tatu ina sifa mbaya ya kupata joto kuliko wenzake. Kwenye magari ya kabla ya mwaka 1971, kipoza oili kilisimama ndani ya mabati ya feni mbele ya silinda za upande huo, hivyo upepo ulizifikia ukiwa umeshapashwa moto. Baadaye kiwanda kilikihamishia kipoza oili kwenye kibanda chake. Wapo wanaojaribu kuisaidia namba tatu kwa kuipaka oili zaidi. Oili hiyo inakwisha katika dakika ya kwanza. Kinachoisaidia ni mabati yaliyofungwa yote, mpira unaoziba pembeni mwa injini, mkanda wa feni uliokazwa sawasawa na mapezi yasiyo na tope.

Jambo jingine lisichanganywe. Kamshafti na tapeti zake hutaka kilainishi kizito chenye molibdenamu, kwa sababu zinasuguana kwa nguvu kubwa kwenye sehemu ndogo. Beringi za krenki nazo hutaka oili tele. Kilainishi cha kamshafti kisivuke kwenda kwenye silinda, na ubahili wa silinda usihamishiwe kwenye beringi.

Nusu saa ya kwanza

Injini iliyofungwa vizuri inaweza kuharibiwa siku ya kuwashwa. Valvu zipimwe kwanza, milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na majira ya moto yapangwe kabla. Plagi zitolewe, injini izungushwe kwa stata bila mgandamizo mpaka taa ya oili izimike. Hiyo ni ishara kwamba presha imefika kwenye beringi. Kama injini imekaa muda mrefu tangu kuunganishwa, kijiko kidogo cha oili kwenye kila tundu la plagi kabla ya kuzungushwa ni tahadhari ya maana.

Ikiwaka, isiachwe inanguruma taratibu. Ipandishwe mara moja kufikia mizunguko 2,000 kwa dakika na ishikiliwe hapo takriban dakika 20, ikishushwa na kupandishwa kidogo. Kamshafti inahitaji mwendo huo, oili inarushwa vya kutosha kwenye silinda, na feni, kwa kuwa inaendeshwa na krenki, inatoa upepo wa maana. Kabureta na choki viangaliwe pia. Petroli ikizidi huosha ule utando wa oili ukutani, na kazi yote ya kitambaa ikawa bure.

Baada ya hapo oili imwagwe ingali ya moto, chujio lisafishwe, oili mpya iwekwe. Kisha gari liingie barabarani likafanye kazi: mlima, mteremko, kasi ikipanda na kushuka, bila kulibana sana na bila kulibembeleza. Gesi ndiyo inayozikaza ringi, na gesi haipatikani kwa kuegesha. Kwenye kilomita 500 oili imwagwe tena na valvu zipimwe upya.

Anayeona masharti haya ni ushirikina wa magari ya zamani atazame ndege ndogo. Injini nyingi za Cessna zinazotua kwenye viwanja vya changarawe katika mbuga zetu ni za Lycoming au Continental, nazo zina silinda zilizolala na hupozwa kwa upepo, kama ya Beetle. Maelekezo ya Lycoming kwa injini za kawaida zilizotengenezwa upya ni kutumia oili ya madini isiyo na viongezeo vya kutawanya uchafu kwa saa 50 za mwanzo, au mpaka ulaji wa oili utulie, na kuirusha kwa nguvu kubwa badala ya kuibembeleza. Sababu ni ile ile: ringi zikae kabla ukuta haujapata ngozi ya vanishi. Kwa rubani, injini inayokula oili ni suala la uhai.

Somo hilo linawahusu watu wengi kuliko wenye Beetle. Bodaboda nyingi zinazopita mitaani zina silinda moja inayopozwa kwa upepo, na oili yake ni lita moja hivi. Kila siku silinda zinachongwa na pistoni kubadilishwa kando ya barabara, zikaoshwa kwa petroli iliyokwishaosha tatu nyingine, zikapakwa oili mpaka zinadondoka. Kisha pikipiki inaachwa inanguruma saa nzima ili "izoee". Mwezi haupiti kabla moshi haujarudi, na dereva analipa tena.

Kwa hiyo, ukipeleka injini yako kwa fundi, usibishane naye kuhusu wingi wa oili. Mwulize maji ya moto na sabuni viko wapi. Mwombe akuonyeshe kitambaa cheupe kabla hajafunga silinda ya kwanza. Usimharakishe siku ya kupima mianya ya ringi, na umlipe muda wa kuosha kama unavyomlipa muda wa kufunga. Akishakukabidhi gari, lipandishe mlimani siku hiyo hiyo, umwage oili kwa wakati, na chujio ulikague kwa macho yako.